Siagi au Tofi? Kisa cha Bita Moja Mbele ya Majaji Watatu

Usuli

Kisa hiki kinahusu bita, aina ya bia ya Kiingereza, iliyopikwa nyumbani na kupelekwa kwenye mashindano ya wapika bia wasio wa biashara, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Majaji watatu waliionja kutoka chupa moja, dakika zilezile, wakapishana kwa alama 13 kati ya 50. Mmoja aliiona ni bia nzuri sana. Mwingine aliandika kwamba ina kasoro, tena kasoro ya wazi: harufu ya siagi.

Mimi nilikuwa mhudumu wa meza hiyo. Nilitoa chupa kwenye friji, nikamimina, nikakusanya fomu. Alama sikutoa. Majina, mji na mwaka nimeviondoa, na aliyepika ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Majaji nitawaita A, B na C.

Nimeona kiandikwe kwa kirefu kwa sababu bita nyepesi, ile ambayo kilevi chake hakifiki hata asilimia 4, hudhulumiwa mezani kuliko bia nyingine yoyote ninayoijua. Haipigi kelele. Imetengenezwa ili mtu anywe glasi mbili tatu huku akizungumza na wenzake, halafu inaletwa mbele ya watu wanaopiga mafunda mawili na kugeukia inayofuata. Jaji asipojipa muda, alama zote huenda kwa bia zenye kishindo, na bita iliyopikwa kwa ustadi inaondoka na maneno mawili kwenye fomu: "nyepesi mno."

Bita yenyewe ni bia gani

Bita ni ya jamii ya eli. Hamira yake huchachusha vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 22 hivi, tofauti na ya laga kama Tusker, Safari au Kilimanjaro, ambayo hupenda ubaridi. Jina la bita walilitoa wanywaji wenyewe huko Uingereza katika karne ya 19, walipotaka kuitofautisha na bia tamu zaidi zisizo na hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Mji wa Burton upon Trent ulijipatia sifa kwa maji ya visima vyake yenye jasi nyingi, kwa sababu salfeti iliyomo hufanya uchungu wa hopsi ukate vizuri na kuacha kinywa kikiwa kikavu. Mpaka leo mpika bita wa nyumbani, awe mji gani, huweza kukutwa akitia jasi kijiko kwa kijiko kwenye maji yake ili yafanane na yale ya Burton.

Bita ya karne ile ilikuwa kali kuliko ya leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipobana nafaka na kupandisha kodi, bia za Uingereza zilipunguzwa nguvu, na kwa jumla hazikurudi tena zilikokuwa. Ndiyo maana Waingereza wakawa mafundi wa kuweka ladha nyingi ndani ya kilevi kidogo. Huo ni ustadi mkubwa. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, kikiwa kidogo, hakuna mahali pa kuficha kosa.

Kwenye baa, bita ya asili hukaa ndani ya pipa ikiwa na hamira hai, katika chumba cha chini ya ardhi chenye nyuzi 11 hadi 13. Huvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi kutoka nje. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41, na likishafunguliwa linatakiwa liishe ndani ya siku tatu hivi, kwa kuwa hewa inayochukua nafasi ya bia iliyotoka huanza kuidhoofisha iliyobaki. Hamira huzamishwa chini kwa utelezi uliotengenezwa kutokana na mabondo ya samaki, bidhaa ambayo wachuuzi wa sangara wa Mwanza wanaijua vizuri kwa bei yake. Ukinywa bita ya namna hii utaikuta ina gesi kidogo tu, na ubaridi wa pishi, si wa barafu. Chama cha wanywaji kinachoitwa CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 kuitetea, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vinaibadilisha kwa bia ya kegi iliyochujwa na kujazwa gesi.

Mashindano haya yalifuata mwongozo wa BJCP, mpango wa kuwafunza majaji wa bia ulioanzia Marekani mwaka 1985. Mwongozo huo unagawa bita katika madaraja matatu kwa nguvu: ya kawaida, kilevi asilimia 3.2 hadi 3.8, ya kati, 3.8 hadi 4.6, na kali, 4.6 hadi 6.2. Fomu yake ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5, na tathmini ya jumla 10. Kuhusu siagi, ambayo kwa jina la kikemia ni diasetili, mwongozo unavumilia kiasi kidogo sana kwenye bita ya kawaida. Kwenye laga nyingi haivumiliwi kabisa. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa nusu ya mgogoro.

Meza ilivyopangwa

Zilikuja bita 11 za madaraja yote matatu. Waandaaji waliona ni chache mno kugawanywa, wakaziweka zote kwenye meza moja. Karatasi ya mpangilio ilichapwa kwa kufuata namba za usajili, haikujali ipi ni nyepesi na ipi ni kali. Chupa zilihifadhiwa kwenye friji moja na laga za meza ya jirani, friji iliyowekwa nyuzi 5.

Jaji A, kiongozi wa meza, ni mzoefu aliyekulia kwenye bita ya pipa. Jaji B anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia, ana pua kali, na mafunzo yake yote yalikuwa ya kuwinda kasoro kwenye laga. Jaji C alikuwa mgeni kwenye kazi ya kuhukumu, mwangalifu, mwenye kuandika sana.

Kanuni za meza zilikuwa mbili. Kwanza, hakuna kusema neno wala kukunja uso mpaka kila mmoja awe ameandika alama zake. Pili, alama za juu na za chini zisipishane kwa zaidi ya 7. Zikizidi, bia ijadiliwe mpaka pengo lipungue, bila jaji yeyote kulazimishwa kuandika asichokiamini.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Bia ya tatu katika mpangilio ilikuwa na siagi bila ubishi. Wote watatu waliiandika kila mmoja kivyake, na walipoanza kuongea walikubaliana mara moja. Kumbuka jambo hilo, maana litarudi.

Bia ya sita ilikuwa bita kali ya asilimia 5.9, yenye karameli nzito na hopsi za kutosha. Iliwapendeza wote, ikapata 39. Ya saba ndiyo bita ya kisa hiki, asilimia 3.7. Kuinywa pale ilikuwa sawa na kupewa maji ya dafu mara tu baada ya kahawa chungu ya buli.

Nilifungua kizibo, ikatoa pumzi ndogo. Nilimimina polepole kwenye vikombe vitatu nikiacha machicha ya hamira chini ya chupa. Rangi ya shaba, angavu kabisa, povu jeupe lililokaa kama unene wa kidole kisha likatulia kuwa utando. Kikombe kilikuwa baridi kiasi cha kutoa jasho kwa nje.

Waliandika kimya kwa kama dakika kumi. Fomu zilipogeuzwa, mambo yalikuwa hivi. Jaji A: harufu 9, mwonekano 3, ladha 14, mguso 4, jumla 7; alama 37. Jaji B: harufu 5, mwonekano 3, ladha 9, mguso 2, jumla 5, alama 24. Jaji C: harufu 7, mwonekano 3, ladha 12, mguso 3, jumla 5, alama 30.

Kwenye fomu ya B sentensi ya kwanza ilikuwa: "Siagi dhahiri, inateleza ulimini, uchachuaji haukukamilika." Kwenye fomu ya A hakukuwa na neno siagi popote. Aliandika tofi, biskuti, ganda la chungwa.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Njia nyepesi ilikuwepo: kujumlisha na kugawa kwa tatu, kuandika 30, kuendelea. Saa ilikuwa inakimbia, bado bia nne. Jaji A alikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa nzito: wastani unafaa pale watu wanapotofautiana kuhusu kiasi, lakini hapa wanatofautiana kuhusu kitu chenyewe. Ama siagi imo, ama haimo. Mpika bia akiletewa 30 pamoja na fomu mbili zinazokanushana, hatajua abadilishe nini jikoni kwake.

Uamuzi wa pili ulikuwa nani aanze kusema. A alimpa C nafasi ya kwanza. Alijua akianza yeye, mgeni angemfuata kwa heshima ya uzoefu. Akianza B, mgeni angefuata maabara. C alisema hasikii siagi, anasikia tofi, ila alikiri kwamba bia ni baridi mno na hana hakika na lolote kuhusu harufu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofungua njia.

Tatu, A aliomba kila mmoja akikumbatie kikombe chake kwa viganja viwili, akifunike kwa karatasi, na asikiguse tena kwa dakika kadhaa. Wakati huo huo aliniagiza nilete chupa ya pili ya bia hiyohiyo na niiache juu ya meza ipate joto. Sababu ya kupasha ni ya kisayansi kabisa. Diasetili hupanda puani kadiri bia inavyopata joto. Kama B alikuwa ameisikia kwenye nyuzi 5, basi kwenye nyuzi 12 ilitakiwa ijae chumba.

Walipofunua, kilichopanda kilikuwa kingine. Harufu ya matunda ya hamira ilitokea, kama mamaledi ya machungwa. Nyuma yake mkate uliookwa. Halafu udongo na maua ya hopsi za Kiingereza, kwa mbali. Tofi ilibaki palepale, haikuongezeka. B alinusa mara kadhaa, akatikisa kikombe, akanusa tena. Alisema siagi bado anaisikia, ingawa si kama mwanzo.

Hapo ndipo ukafanyika uamuzi ninaouthamini kuliko yote. A aliniomba nimimine vikombe viwili kwa kila jaji, wao wakiwa wamegeuka: kimoja cha bita hii kutoka chupa ya pili, kimoja cha ile bia ya tatu ambayo wote walikubali ina siagi. Vyote viwili vikiwa vimeshapoteza ubaridi. Nilivipanga nipendavyo na kuandika herufi chini ya kila kikombe. Sababu yake ilikuwa kuondoa mabishano ya maneno. Mtu anaweza kubishana siku nzima na mwenzake kuhusu neno "siagi". Lakini akishika vikombe viwili mkononi anapaswa kuchagua.

Wote watatu walikitambua kikombe chenye siagi bila kusita. B alikaa na vile viwili muda mrefu kuliko wenzake. Alipitisha ulimi kwenye kaakaa baada ya kila funda, akisikilizia ule utelezi. Mwishowe alisema: "Hii ya pili haitelezi. Ina utamu wa kimea, na gesi yake ni ndogo. Kuna kitu bado nakisikia, lakini siwezi kukiita dhahiri."

Alama zikaandikwa upya. B alipanda hadi 29: harufu 7, ladha 11, mguso 3, mengine akayaacha. C alipanda hadi 32, baada ya kuona harufu na mguso kwenye joto stahiki. Na A alishuka hadi 35. Bia ilipopata joto aligundua kwamba mwisho wake una ukakasi kidogo unaokausha ufizi, ambao ubaridi ulikuwa umeuficha, na kwamba hopsi kwenye harufu zilikuwa chache kuliko alivyokuwa amejazia mwenyewe kwa kumbukumbu ya bita za kwao. Pengo likawa 6. Wastani 32.

Matokeo

Kwa namba tupu bita hii ilikuwa ya nne mezani. Juu yake kulikuwa na ile ya 39, nyingine ya 36, na bita kali ya 33. Medali zilikuwa tatu.

Namba, hata hivyo, hazigawi medali peke yake. Desturi ya mashindano mengi ni kuzirudisha bia za juu mezani na kuzionja bega kwa bega, ili ile iliyoonjwa mwanzo na ile iliyoonjwa mwisho zikutane kwenye ulimi mmoja. Zilirudi nne. Safari hii zote zilikuwa zimekaa nje ya friji. Ya 39 na ya 36 zilibaki mahali pake. Kwa nafasi ya tatu, A na C waliichagua bita ya asilimia 3.7; B aliichagua ile ya 33. Bita ikapewa medali ya tatu kwa kura mbili dhidi ya moja, na B akasaini.

Aliyepika alipata fomu tatu. Fomu ya B ilikuwa na sentensi ya kwanza ileile, imekatwa mstari mmoja, na chini yake maelezo mafupi ya marekebisho. Alichanganyikiwa kidogo, akawaandikia waandaaji akiuliza: siagi ipo au haipo? Wakamweleza mlolongo wote. Yeye naye akatoa mapishi yake. Kimea cha msingi Maris Otter, kimea cha kristali kama asilimia 7, hopsi za Fuggle na East Kent Goldings, uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji 1.038 kabla ya kuchachuka na 1.010 mwishoni. Alichachusha kwa nyuzi 20, na baada ya uzito kusimama aliiacha bia juu ya hamira siku mbili zaidi kabla ya kuipoza.

Kisha alifanya kipimo ambacho wapika bia wengi wanakijua. Alichukua chupa aliyokuwa amebakiwa nayo, akagawa bia katika mitungi miwili iliyofunikwa, mmoja akaupasha kwenye maji ya nyuzi 60 hivi kwa dakika ishirini na kuupoza, mwingine akauacha. Joto hilo hugeuza kitangulizi cha diasetili kuwa diasetili yenyewe, kwa hiyo kama kuna siagi iliyojificha, mtungi uliopashwa huifichua. Alimpa jirani asiyejua lolote anuse. Yote miwili ilinukia kimea na matunda, siagi hapana.

Uchambuzi: B aliongozwaje kwenye siagi

Ningependa nikae hapa zaidi, kwa sababu B ni jaji hodari na kilichompata humpata yeyote.

Diasetili huzaliwa kila mara bia inapochachuka. Hamira hutoa kitangulizi ambacho nje ya seli hugeuka kuwa diasetili, kisha mwishoni mwa kazi hamira ileile huinyonya na kuigeuza kitu ambacho pua haikihisi kirahisi. Mpika bia akipoza mapema, au akiitoa hamira kabla haijamaliza, siagi inabaki. Njia nyingine ni bakteria, hasa wa jamii ya Pediococcus, na hapo siagi mara nyingi huandamana na uchachu. Kwa hiyo neno "siagi" kwenye fomu si maelezo ya ladha tu. Ni shutuma kwa mpishi: ulikuwa na haraka, au vyombo vyako ni vichafu. Shutuma ya namna hiyo inahitaji ushahidi.

Tofi ya kimea cha kristali ina asili nyingine kabisa. Punje za shayiri zilizooteshwa hupashwa moto zikiwa bado na unyevu, sukari ikajitengeneza ndani ya punje na kisha kuwa karameli. Kimea hiki huacha bia na utamu usiochachuka wote na unene fulani kinywani. Mtu anayesikia utamu, unene na gesi kidogo kwa pamoja, tena kwenye bia iliyo baridi ambayo harufu zake nyingine zimelala, anaweza kuviunganisha na kuviita siagi. Kwenye laga hakuna kristali ya kiasi hicho, hivyo unene wa namna hiyo ungekuwa dalili mbaya kweli. Mafunzo ya B yalimpa jibu sahihi la swali jingine.

Tena kulikuwa na bia ya tatu. Baada ya kukamata siagi ya kweli, pua hubaki ikiitafuta. Na kulikuwa na ya sita, iliyojaza kinywa karameli na hopsi kiasi kwamba iliyofuata ikaonekana tupu, na kwenye kitu kitupu kasoro ndogo huonekana kubwa.

Njia ya kuzitenganisha mezani si ngumu. Siagi ya diasetili hukimbilia puani kabla hujanywa, kama bisi za sinema zilizotiwa siagi, na ukishameza ulimi huteleza kwenye kaakaa. Tofi hukaa pamoja na mkate na biskuti, huja katikati ya funda, na uchungu wa hopsi huifuta. Pasha kikombe: siagi hupanda, tofi hutulia.

Uchambuzi: kilichofaa

Ukimya wa mwanzo ulifaa kuliko kitu kingine chochote. Laiti B angetamka "siagi" kwa sauti kabla C hajaandika, tusingejua kamwe C alisikia nini.

Kuanza na mgeni kulifaa pia, ingawa viongozi wengi wa meza hufanya kinyume wakidhani wanamfundisha. Mgeni anafundishwa baadaye. Kwanza anasikilizwa, maana pua yake bado haijachagua upande.

Vikombe viwili visivyo na majina vilifanya kazi ambayo nusu saa ya majadiliano isingeifanya. Vilijibu pia swali ambalo halikutamkwa mezani ila lilikuwa la haki kabisa: huenda A na C ndio wasioweza kusikia diasetili? Watu hutofautiana sana katika kuihisi. Wapo wanaoisikia ikiwa chembe, wapo wasioisikia kabisa. Wote watatu walipoitambua bia ya tatu wakiwa hawaioni chupa, shaka hiyo iliondoka.

Nampongeza A vilevile kwa kushusha alama zake mwenyewe. Kiongozi anayewataka wengine waonje upya halafu yeye asibadilishe hata moja, hajaonja. Ule ukakasi aliougundua ulikuwa wa kweli, na aliyepika alikubali kwamba alisuuza nafaka kwa maji mengi mno mwishoni, jambo linalokamua ukakasi kwenye maganda ya shayiri. Hayo ndiyo maelezo yaliyomsaidia kuliko medali.

Uchambuzi: kilichokwama

Friji. Hakuna hoja ya kuitetea. Bita iliyotengenezwa kunywewa kwenye nyuzi 12 iliwekwa mbele ya majaji kwenye nyuzi 5, na ubaridi ukamdhulumu mpishi kwa B, ukampendelea kwa A, na kumwacha C hana la kusema. Chupa zilitakiwa zitolewe mapema, tena kwa meza nzima, kwa sababu kuipasha moja tu iliyozua mgogoro ni upendeleo kwa hiyo moja. Bia kumi nyingine za meza ile hazikupata nafasi hiyo, isipokuwa tatu zilizorudi mwishoni pamoja nayo. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa niaba ya wapishi wa hizo nyingine, maana sijui ni ngapi zingepanda.

Mpangilio wa namba za usajili ulikuwa kosa la pili. Kiongozi wa meza ana mamlaka ya kupanga upya: nyepesi kwanza, kali mwisho. A alifuata karatasi kama ilivyochapwa kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Kupanga upya chupa 11 kungechukua dakika mbili. Mgogoro ulichukua zaidi ya ishirini.

Fomu ya B ilitakiwa iandikwe upya. Sentensi iliyokatwa mstari bado inasomeka, na mpishi huisoma kwanza. Sentensi hiyo ilikuwa na shida nyingine pia: ilitaja chanzo, "uchachuaji haukukamilika," wakati jaji hawezi kujua kilichotokea jikoni. Anachoweza kukijua ni alichokinusa na alichokihisi. Angeandika "nasikia kitu kama siagi, cha chini, kinywa kinene," aliyepika angepata taarifa ya kweli, na B asingelazimika kukata kitu.

Lipo na jambo ambalo fomu yenyewe hailipimi vizuri. Alama 10 za tathmini ya jumla ndizo pekee zinazoweza kubeba swali la msingi kuhusu bita: je, baada ya painti ya kwanza ungetaka ya pili? Majaji wote watatu waliijibu kwa mafunda machache. B na C walitoa 5, na hawakuzigusa hata baada ya bia kupata joto na harufu kufunguka. Nadhani hapo ndipo bita ilipopoteza alama ilizostahili, na hakuna aliyegundua kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye siagi. Baada ya kubadilisha harufu, ladha na mguso, jaji anapaswa kurudi kwenye mstari wa mwisho na kuuliza upya kama hukumu yake ya jumla bado inasimama.

Kilichobadilishwa baadaye

Waandaaji wamegawa friji mbili, moja ya laga na moja ya eli, na bita hutolewa nje mapema kabla ya kuonjwa. Mhudumu ana kipimajoto mfukoni na haruhusiwi kumimina kabla kikombe cha kwanza hakijafika nyuzi 10. Karatasi za mpangilio huchapwa kwa kufuata daraja la nguvu. Asubuhi ya mashindano, kila meza hupewa vikombe viwili vya bia ya dukani, kimoja kimetiwa kidonge cha harufu ya diasetili kinachotengenezwa kwa mafunzo ya majaji, na kila jaji huandika kwa siri ni kipi. Asiyekitambua hazuiwi kuhukumu, ila neno lake kuhusu siagi huwekwa kando siku hiyo.

B bado anasimamia 29 yake. Aliniambia kwamba chupa ya kwanza na ya pili huenda hazikuwa sawa, na kwamba mimi mwenyewe niliikoroga ya kwanza kidogo wakati wa kuifungua. Ni hoja inayowezekana: bia ya nyumbani hutofautiana chupa hadi chupa. Kwa sababu hiyo mashindano hayo sasa hutunza kikombe kimoja cha chupa ya kwanza, kikiwa kimefunikwa, mpaka hukumu ya bia hiyo iishe.